Kifuniko cha Otília

Shoka liliingia kwenye gome, Hermínio akalizungusha kidogo, na kipande kizima kikabanduka kutoka kwenye shina. Ulikuwa mwaloni wa mwisho wa msimu, wa aina ambayo gome lake hukatwa vizibo vya chupa za mvinyo. Wenzake walishaketi kivulini na mkate, jibini na zeituni, wakimsubiri yeye tu. Desturi yao ilikuwa hiyo: anayebandua mti wa mwisho ndiye anayefungua mvinyo, na asipoonja yeye, haonji mtu.

Mwaka huu mvinyo ulikuwa wa bintiye, Otília, wa kwanza kutoka mizabibu yake mwenyewe. Binti alipoitoa chupa kapuni, Hermínio alitia mkono mfukoni kutafuta kizibuo, na mkono ukabaki humohumo. Chupa ilifungwa kwa kifuniko cha bati, cha kuzungusha.

"Miaka yote tunavunjika mgongo kwa ajili ya vizibo," Bernardino alisema huku akitafuna, "kumbe kwako mnafunga kama soda."

Wakacheka wote, isipokuwa Otília. Watu hawa walimlea. Baba yake angekataa, angerudi na kapu lake mbele yao, chupa zikiwa vilevile.

"Umeniaibisha, mwanangu," Hermínio alisema. "Magome haya ndiyo yaliyokusomesha."

"Najua, baba. Ule mvinyo wa majaribio niliufunga kwa vizibo. Chupa kadhaa zikanuka kama tambara bichi. Nilimwaga huku nalia, sikukwambia."

"Kizibo kinapumua. Mvinyo unakomaa kwa hewa hiyo."

"Wa kukomaa nitauziba kwa kizibo. Huu ni wa kunywa leo, na kiu unayo."

Kiu alikuwa nayo kweli. Hermínio alikuwa mbishi asiye na mfano, lakini hakuweza kumtazama mtoto wake amesimama juani namna ile. Akaishika chupa, akazungusha kwa nguvu zote. Wapi.

"Upande wa pili, baba."

"Najua."

Bati likakatika, krak. "Mlio mbaya," alisema, akajimiminia, akanywa. Akanywa tena, kisha akajifanya anakohoa ili kuificha fahari yake.

"Mbona hukuniambia unaijua kazi hii?"

"Nilikwambia, mzee wangu. Hukutaka kusikia."

Hapo vikombe vikanyooshwa kutoka kila upande, na Otília akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akimimina.

Bernardino aliporudi na kikombe mara ya tatu, alimkuta Hermínio ameshaifunga chupa ya mwisho, nusu yake ikiwa bado imo, na anailaza ndani ya mkoba wake.

"Hii ya mama Otília," alisema, wala hakutaka mjadala.

Wakateremka kilima pamoja, baba na binti, mkoba ukimpiga baba mgongoni. Kila baada ya hatua chache mzee alipeleka mkono nyuma kimyakimya, akaupapasa chini. Ulikuwa mkavu; kifuniko hakikuvuja hata tone.