Posa ya Injinia Moiz

Moiz alikuja kuposa na mamake, Kulsumbai, na cheti cha uinjinia ndani ya fremu. Wallahi, fremu! Akakisimamisha kando ya sahani ya bajia, hapo ghorofani kwa kakangu Gaffar, juu ya duka lake la vinyago mtaani Ndia Kuu.

Anayeposwa ni Sadaf, binti wa Gaffar, yuko mwaka wa pili chuoni akisomea fizikia. Mie shangazi yake nimefundisha hesabu miaka thelathini shuleni Ganjoni, na sijapata kuona kichwa kama chake.

"Chuo ataacha," Moiz akasema, huku atafuna. "Mke wangu vekta za nini? Hizo hesabu nazijua mimi, zatosha nyumba nzima."

Gaffar akatikisa kichwa kukubali. Namjua ndugu yangu: akiona fremu huona ukweli. Sadaf alinitazama, machozi yanamlenga. Nikasema moyoni, mtoto huyu haendi hivi hivi mie nikiwa hai.

"Mwanangu," nikamwambia Moiz, "nisaidie mkongwe mie. Mpira umerushwa mshazari. Ukifika kileleni kabisa, mchapuko wake, yaani jinsi kasi inavyobadilika, ni kiasi gani?"

"Sufuri," akajibu, wala hakufikiri. "Kwani si umesimama?"

"Mashallah! Basi utakaa huko juu mpaka kiyama. Sadaf, hebu mweleze injinia."

Sadaf akachukua karatasi. Akaandika mahali pa mpira kwa vekta: sehemu ya ulalo na sehemu ya wima. Akatafuta jinsi panavyobadilika kila sekunde, akapata kasi. Akaifanyia kasi vivyo hivyo, akapata mchapuko.

"Kileleni, kasi ya wima ndiyo sufuri," akasema. "Ya ulalo haikuguswa, kwa hivyo mpira waenda. Na mchapuko ni mita tisa nukta nane kwa sekunde, kila sekunde, kuelekea chini, tangu unaporushwa hadi unapoanguka."

"Hayo ni ya vitabuni," Moiz akasema.

Ya vitabuni! Na yeye cheti alikiokota wapi, sokoni Marikiti? Debe tupu.

Kulsumbai akadakia, "Gaffarbhai, hesabu hazipiki wali. Tupe jibu letu."

Gaffar akaichukua ile karatasi ya Sadaf. Hakuelewa hata alama moja, najua, lakini aliisoma mpaka chini.

"Kunyweni chai, mwende salama," akasema. "Binti yangu ana mtihani Jumatatu. Hesabu zake siwezi kumsaidia, lakini kumwondolea kelele naweza."