Kikaratasi cha Kabati la Moshi

Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nne na robo asubuhi, feni ya kabati la moshi ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Kabati lile ndilo lililovuta mvuke wa dawa kali za maabara na kuutupa nje, na aliyesimama mbele yake kutwa nzima akisuuza chupa alikuwa mke wa mtunza maabara, Mzee Chupa.

Daktari, msomi aliyefanyia utafiti wake humo, alikuja mbio, koti jeupe halijafungwa vifungo. Utafiti wake ulikuwa umebakiza wiki sita. Kufunga maabara, alisema, ni kuua kazi ya miaka minne. Wafungue madirisha, fundi ataitwa. Halafu akamshika Mzee Chupa bega. "Mzee wangu, wewe endelea kutia saini tu. Si unaniamini?"

Utaratibu ulikuwa huu: kila asubuhi Mzee Chupa atazame kikaratasi kilichoning'inizwa mdomoni mwa kabati. Kikiinamia ndani, feni inavuta. Atie saini kwenye kadi. Basi madirisha yakafunguliwa, upepo ukaingia, kikaratasi kikainama kama kawaida. Akatia saini. Shule hakufika mbali, lakini saini yake ilikuwa nzuri, na kule kuombwa na msomi kulimvimbisha kichwa.

Fundi hakuitwa. Wiki sita zikawa miezi minane. Utafiti ukampandisha Daktari: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, na mwisho Mkuu wa Chuo, mwenye dereva na zulia la kuzamisha viatu. Wakubwa hupanda ngazi. Wanaowashikia ngazi huangukiwa na vumbi. Mke wa Mzee Chupa alipanda kitanda cha wodi, kifua kimembana, akashushwa amefunikwa shuka.

Miaka tisa Mzee Chupa alimlaani Daktari yule kwenye benchi la mabawabu, mpaka bawabu mmoja akachoka: "Si uende ukamwambie mwenyewe? Sisi unatumalizia masikio bure."

Akaenda. Mkuu wa Chuo alimsikiliza wima, hakuthubutu kukaa. Alipojibu, alijibu chini chini, macho kwenye zulia. "Nilijua, mzee. Tangu siku ile nilijua. Nimetoa hotuba ngapi, na hili sijawahi kulisema." Akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi za ile miezi minane, zimefubaa. Hakuzitoa kumshitaki mtu. Kuzichoma, alisema, aliona haya.

Lakini Mzee Chupa alikuwa amekwisha kuiona saini yake, asubuhi baada ya asubuhi, nadhifu, haikutetemeka hata mara moja. Hasira aliyokuja nayo ikamponyoka kama kipande cha sabuni. Maana asubuhi mojawapo kati ya hizo mkewe alimgeukia, mikono ingali majini, akamuuliza jambo, naye akajifanya anatafuta kalamu:

"Baba watoto, hiki kikaratasi kinavutwa, au kinapeperushwa tu?"