Mashine ya Upande wa Kushoto

Muuzaji alikuwa amezitundika mashine za boti kwenye vyuma, kubwa moja upande huu na ndogo mbili upande ule, na mjane wa nahodha alizizunguka mpaka muuzaji akachoka kumfuata kwa macho. Boti yao ilikuwa ndogo, ya kupeleka watu matembezini visiwani, yenye kijichumba cha kulala wawili wakikubali kukunja magoti. Marehemu mumewe aliiendesha kwa mashine moja. Siku ya upepo ikamzimikia kwenye mlango wa ghuba, mawimbi yakamtupa miambani. Boti ilitengenezeka, yeye hakutengenezeka. Sasa usukani ulikuwa wa mjane, naye hakutaka kufa kifo kilekile.

"Mbili," alisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," alijibu wifi yake, dada wa marehemu, mwenye nusu ya boti na neno la mwisho katika matumizi. "Mbili zinakunywa mara mbili, zinaharibika mara mbili, na kwa uzito huo boti itakalia matako kama kuku anayeatamia. Moja kubwa yatosha. Wewe una woga tu, wifi."

"Ninao. Kaka yako hakuwa nao, yuko wapi?"

Wifi akamgeukia muuzaji, akanunua moja.

Fundi aliifunga katikati ya ubao wa nyuma. Hata wiki haijaisha, mjane akaona uvimbe upande wa kushoto wa ubao, kama ndimu. Alidhani ni rangi imevimba kwa maji, lakini kulipokucha uvimbe ulikuwa umetoa rafadha, lile panga la kusukumia boti. Fundi akaja, akaugonga kwa bisibisi, akasikiliza.

"Itakuwa mashine ya hospawa sabini," alisema. "Msiipake rangi mpaka ikomae. Na kwa kuwa hamkuinunua, haina dhamana."

"Mradi haikunigharimu," alisema wifi.

Ilikomaa vizuri. Mngurumo wake ulikuwa na kisirani kidogo, na mjane aliufahamu, maana marehemu aliguna hivyo akiamshwa mapema. Ilikuwa na tabia moja tu: kila ilipopewa petroli ya kituo cha bandarini, ilitema maji kupitia kitundu cha chini. Ndoo iliyotegwa hapo ilijaa kabla ya adhuhuri.

Mjane aliitazama ndoo ile, uchungu ukampanda. Ofisi ya bandari ilikuwa imetangaza kwamba mumewe alizembea. Akaibeba mpaka kituoni, ambacho kilikuwa hicho kimoja tu, na mwenye kituo, mtu mcheshi asiyemnyima mtu kiti wala salamu, akampokea kwa mikono miwili.

"Maji haya yametoka kwenye petroli yako."

Mwenye kituo alichungulia. "Ni safi haya, shemeji. Unaweza kufulia."

Siku upepo ulipogeuka, boti zote zilikuwa zinarudi kutoka visiwani, na zote zilikuwa zimejaza kituoni. Kwenye mlango wa ghuba zikaanza kukohoa na kuzimika, moja baada ya nyingine. Mashine kubwa ya mjane nayo ikakata kauli. Ile ya kushoto ilitema funda la maji, ikaendelea na kazi. Kwa vile ilisukuma upande mmoja, boti ilitaka kwenda kulia, kwa hiyo mjane akaukaza usukani kushoto na kuushikilia kwa kifua.

Angeweza kwenda moja kwa moja nyumbani. Badala yake alizunguka, akaitupia boti ya kwanza kamba, ya kwanza ikaitupia ya pili, mpaka zote zikawa mstari mmoja nyuma yake. Wakapita pembeni mwa miamba iliyomuua mumewe. Mjane alilia na kucheka pamoja, wala hakujificha.

"Kazeni kamba, wanaume!" wifi aliwapigia kelele kutoka kijichumbani mwa boti yao. "Mnavutwa na wifi yangu!"

Gatini honi zililia mpaka zikakauka sauti. Manahodha walimbeba mabegani, na wifi akawaamuru wamzungushe tena, kwa sababu wengine walikuwa hawajamwona. Mkuu wa bandari alivua kofia.

"Karibu nchi kavu, Nahodha."

"Ahsante. Sasa tangaza kwamba mume wangu hakuzembea. Ni mafuta."

"Hilo lilishapita, Nahodha," alisema kwa upole. "Leo tufurahi."

Wakafurahi kwelikweli, naye akafurahi, maana alikuwa amewaleta wote wakiwa hai.

Asubuhi foleni ya madumu ilikuwa pale kituoni kama kawaida. Waliokuwa mbali na zamu walishuka kwanza kwenye boti zao, wakainama na kupapasa ubao wa nyuma, upande wa kushoto. Fundi alipita akiwaasa wasiwe na pupa, mbao nyingine huchelewa. Nahodha alipofika walimpisha wote atangulie, na mwenye kituo akamjazia dumu kwa mikono yake mwenyewe, kwa heshima, kutoka pampu ileile.