Mgomo wa Kiganja

Mimi Gidioni wa kijiji cha Mbuba nilichaguliwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi kambini kwa sifa moja tu: sauti yangu husikika bila kipaza sauti. Akili hawakuiulizia.

Tulikuwa vibarua wa kuwapimia wakimbizi mahindi kwa kopo. Zamani kopo lilijazwa mpaka likaota kilima. Mwaka ule shirika likapunguza chakula, na msimamizi wetu, Renatus, akatuamuru tupitishe kiganja juu ya kila kopo, kilima kirudi guniani. Kina mama wa Kirundi wakaandamana mpaka ghalani wakigonga masufuria matupu. Damu ikanichemka. Nikapanda juu ya magunia, nikatangaza kwamba chama kiko pamoja nao: kesho wapimaji wote tunagoma.

Nilingoja vigelegele. Nimpaye, mama wa watoto wanne aliyetangulia maandamano, alinitazama kama anayemwona mbuzi juu ya paa.

"Baba, mkigoma nani atatupimia? Hata hicho kidogo tukikose?"

Nikashuka polepole. Hilo sikuwa nimelifikiria, na ndilo lilikuwa jambo lenyewe.

"Kiganja ni cha nani?" akauliza. "Si chenu? Njooni kazini. Mgome kupangusa tu."

Kesho yake nikajaza kopo la kwanza, kilima kikasimama. Renatus akaniambia nipanguse. Nyumbani kwangu hakukuwa na kipato kingine. Nikamimina vilevile kwenye mfuko wa Nimpaye. Nikafukuzwa kazi papo hapo, nikasindikizwa hadi getini.

Nyuma yangu wapimaji wakaweka makopo chini. Hawapimi hata punje, walisema, mpaka nirudishwe. Siku zote nikiwaita mkutanoni walinikwepa kama mwenye upele, na leo wote wamesimama kwa ajili yangu! Nilifurahi mno, nikatamani wasirudi kamwe. Kisha nikamwona Nimpaye, bado ameshika mfuko wazi. Ndani yake mlikuwa na chakula cha mtoto mmoja.

"Rudini mkapime," nikawaambia. "Na atakayepangusa, tutaonana naye Mbuba."

Wakarudi. Aliyeshika kopo langu akajaza kilima, akamimina, akajaza tena. Renatus akaangalia pembeni. Angewafukuza wote, angepima na nani? Nikashika njia ya nyumbani kwa miguu, sina kazi, ninalia na kucheka peke yangu kama bwege.