Uso Unaofungua Kompyuta

Mdogo wake wa kiume, fundi wa kompyuta anayejisikia kuliko mashine zake, ndiye aliyemwachisha nywila. Aliikuta imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kioo cha kompyuta yake, akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, umefunga mlango halafu ufunguo ukauning'iniza nje." Akamwekea kuingia kwa uso: unakaa tu, kamera inakutazama, kompyuta inafunguka kabla hujavuta kiti vizuri. Habari ya kufungua kwa alama ya kidole aliikataa. Kidole utakikata jikoni, alisema, lakini uso hauendi popote, na duniani hakuna mwingine mwenye uso kama wako. Alisema hivyo mtu aliyelelewa na dada zake wawili pacha, huyu na mwenzake, wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Wataalamu ndivyo walivyo.

Kama akiba, akamtaka achague namba ya siri na asimwambie mtu. "Hata mimi usiniambie." Dada akatii.

Kazi ya dada ilikuwa kusoma vitabu studio, watu wavisikilize. Nyumbani alimrekodia binti yake hadithi za kumlaza, kwa zile siku ambazo kazi ingemchelewesha. Zote zilikuwa humo kwenye kompyuta.

Kisha kiharusi kikampata. Kilichukua mkono wa kulia, nusu ya uso na maneno yote. Akili kiliiacha nzima, na huo ndio ulikuwa ukatili wenyewe: alielewa kila kitu, ila akifungua kinywa unatoka mkoromo. Namba ya siri nayo ilikuwa imemtoka kichwani, hata akikune vipi. Binti yake, mtoto wa miaka sita, alimsalimia kutoka mlangoni, kashika fremu, kisha huyoo, kaondoka. Alikuwa anamwogopa. Hilo lilimuuma mama kuliko mkono.

Basi alitaka kitu kimoja tu: zile hadithi zifunguliwe, mtoto aisikie sauti, ajue mama yake bado yumo humu ndani. Aliinyooshea kompyuta mkono wa kushoto mpaka mdogo wake akaelewa.

Fundi akamwekea mapajani pale kitandani. Kamera ikamtazama. Uso haujatambuliwa, kioo kikaandika. Wakajaribu tena, jibu lile lile. Fundi akawasha taa, akafungua pazia, akamfuta mate, akamchana nywele. Mwisho akalishika shavu lililolegea kwa kidole gumba, akalipandisha juu taratibu. "Tabasamu kidogo, dada." Akajitahidi, maskini. Kompyuta ikakataa.

"Nilikuwekea usalama kupita kiasi," fundi alisema, akageukia dirishani ili asionekane macho.

Pacha wa mgonjwa, aliyesafiri kuja kumuuguza, alikuwa kwenye kiti pembeni anakunja nguo. Mtoto ndiye aliyesema, kutoka pale pale mlangoni: "Mama mdogo ajaribu."

Hakuna aliyecheka. Pacha alimtazama dada yake kwanza, akasubiri mpaka akakubaliwa kwa kichwa. Akaichukua kompyuta, akarudi nayo kwenye kiti. Ikafunguka hapo hapo, ikamkaribisha kwa jina la mwenzake.

Mgonjwa alifurahi, tena kwa dhati, tusimsingizie. Fundi akainama, akatafuta, akabonyeza, na chumba kikajaa sauti ya zamani ya mgonjwa, nyororo, isiyo na haraka: "Mwanangu, umejifunika? Haya, sogea nikusimulie."

Mtoto akaiachia fremu. Akaingia polepole, akiutazama uso wa mama mdogo, ule uliokaa sawa pande zote mbili. Akakipita kitanda. Akapanda mapajani mwa mama mdogo, akamlalia kifuani, akafumba macho kusikiliza. Pacha akabaki mikono hewani, hajui amkumbatie au amshushe, huku akimtazama dada yake kwa aibu.

Ni mimi, mgonjwa alitaka kusema. Huyo anayesimulia ni mimi, niko hapa kitandani. Akakusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akasema. Ukatoka mkoromo, mrefu kuliko wa siku zote, ukaifunika hadithi, na mtoto akaziba masikio.

"Tulia, dada yangu," fundi alisema kwa upole. "Si tunakusikiliza?"

Akaongeza sauti ya kompyuta.