Farasi Aliyepewa Jina la Mama

Mama mwenzangu, mtoto wako akija nyumbani akuambie amepata kazi kwa farasi, usiulize kwanza kama farasi wanapiga teke. Wanapiga, na hiyo utaizoea. Uliza farasi anaitwa nani, na jina hilo lilikuwa la nani kabla yake. Mimi sikuuliza, ndiyo maana naandika.

Tunakaa Kiuu, hapa Ruiru, kwa nyumba za kupanga. Binti yangu Lynn alimaliza shule akakosa la kufanya, akaenda Theta kwa shamba moja la farasi wa mbio kuomba kazi ya usaisi. Saisi ndiye anayempiga farasi brashi, anazoa mavi, anabadilisha nyasi za kulalia. Lynn ni mwepesi, hata akishiba upepo unaweza kumbeba. Muoki, yule Mkamba anayewafundisha farasi kukimbia, alimkuta siku moja amepanda farasi bila tandiko akimpeleka kunywa maji.

"Wewe, nani alikufundisha kukaa hivyo?"

"Hakuna. Naogopa tu kuanguka."

Muoki akacheka sana. Kutoka siku hiyo akaanza kumfunza ujoki, yaani kumpanda farasi kwenye mbio.

Farasi aliyepewa alikuwa jike mwekundu wa Mzee Ngigi, mwenye duka la simiti na mabati mjini Thika. Ukoo wa huyo farasi Lynn aliujua kuliko ukoo wetu. Nyanya yake aliitwa Lady Chania. Huyo alishinda mbio mpaka watu wakachoka kushindana naye, halafu siku moja akiwa mbele ya wote damu ikamtoka puani, akaanguka na kufa palepale na joki wake akiwa chini yake. Joki alipona, lakini hakutembea tena. Lady Chania alikuwa ameacha binti mmoja, Malkia wa Theta. Naye alikuwa na mbio kama mamake na damu kama mamake, ikabidi arudishwe shambani mapema akae azae. Basi Mzee Ngigi akamtafutia dume lililoletwa kutoka Afrika Kusini, dume ambalo Muoki anasema watoto wake wana mapafu kama magunia. Hesabu ya mzee ilikuwa hiyo: mama alete mbio, baba alete pumzi.

Akazaliwa huyu mwekundu. Hapo ndipo Mzee Ngigi alipokosea, na hakukosea kwa ubaya.

Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake. Hata mtu aliyekufa, jina likipata mtoto, ni kama amerudi nyumbani. Sisi Wabukusu pia tunaelewa hayo. Kwetu mtoto atalia usiku kucha mpaka aitwe jina la yule marehemu aliyemtaka. Mzee Ngigi alizaa wavulana, kuanzia Ndung'u mpaka kitinda mimba. Mama yake alikufa bila mjukuu hata mmoja wa jina lake kutoka kwa mwanawe huyo. Mwaka huohuo wa mazishi ndio farasi alizaliwa. Mzee akaingia bandani, akamshika yule mtoto wa farasi masikio, akasema, "Huyu ni Warigia." Jina la mama yake.

Dada zake walinuna. Walisema mama yao hakuwa mnyama. Lakini farasi alipoanza kushinda, hao hao dada wakawa wanakuja uwanjani na vitambaa vizuri kichwani, wakipiga ngemi, yaani vigelegele.

Huko shambani, jina likawa sheria. Warigia hakupigwa kiboko. Hakuna aliyesema Warigia ni mkaidi, au Warigia ananuka. Alipomuuma saisi mmoja anaitwa Mwas begani, Mwas ndiye aliyeomba msamaha. Vijana walimwita Cucu, yaani nyanya.

"Cucu ameamka aje?"

"Cucu ako fiti. Amekataa uji."

Lynn akinisimulia tulicheka mpaka machozi. Sikuona hatari. Nani angeona? Mbio yake ya kwanza Warigia alikuwa wa nne, ya pili akashinda, na Lynn alipoanza kumpanda akashinda tena na tena, bila kiboko, Lynn akimwongelesha tu shingoni. Majirani wakaanza kuniita Mama Joki.

Wiki ile ya mbio ya Kombe la Majike, nilikuwa nafua jaketi ya Lynn. Ndani ya mfuko nikapata kitambaa cheupe kimekauka kama kadibodi. Nilipokitia majini, maji yakawa mekundu.

Nilidhani mtoto wangu ana kifua. Alipoingia nikamkalisha kitandani.

"Mayi," nikamwambia, maana kwetu mtoto wa kike unamwita mama, "unakohoa tangu lini?"

"Sikohoi."

"Hii damu ni ya nani?"

Akaangalia mlango kama uko wazi. "Ni ya Cucu," akasema. "Alitoka kidogo tu, asubuhi baada ya mazoezi. Nilimpangusa."

"Mara ya kwanza?"

"Mathe, wacha."

"Nakuuliza, ni mara ya kwanza?"

"Ya pili."

Nikamkumbusha Lady Chania, nikamkumbusha yule joki kwenye kiti cha magurudumu. Akasema farasi wengi hutoka damu, si wote wanaanguka. Akasema dume la Afrika Kusini limerekebisha. Nikamuuliza kama Muoki anajua.

"Muoki alikuwa hapo."

"Na Mzee Ngigi?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Nani atamwambia? Utasema nini? Utasema, Mzee, Warigia anatoka damu puani? Huyo ni mamake. Mwas anasema anayetaka aanze yeye, tutamchangia nauli ya kurudi kwao."

Mama mwenzangu, sikia hapo vizuri. Hawakuwa watu wabaya. Ng'ombe akiugua, Muoki huyohuyo angepiga simu kabla ya chai. Hata angekuwa farasi mwingine, angesema. Lakini jina lile lilikuwa limefunga kila mdomo, na kila mtu alidhani ni heshima.

Nilimkataza Lynn kupanda. Akasema akikataa atapandishwa mwingine, na yeye atarudi kuzoa mavi. "Na huyo mwingine hamjui Cucu. Cucu akibadilisha pumzi, mimi nitasikia. Yeye hatasikia." Nikaona ameshafikiria, na amefikiria vibaya, kwa sababu anampenda yule mnyama.

Jumamosi nikaenda Thika. Nilivaa nguo ya kanisa. Mzee Ngigi alikuwa nyuma ya duka na dada zake wawili, wanapanga mbuzi wa kuchinja wakirudi na kombe. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti yeye mwenyewe.

"Mama Lynn, karibu. Huyu ndiye mama ya yule mtoto anayebebwa na Maitu," akawaambia dada zake. Maitu kwao ni mama. Wakanisalimu kwa mikono miwili.

Nikakaa na mkoba magotini. Nikasema, "Mzee, nimekuja juu ya farasi. Si mzima."

"Farasi yupi? Nina farasi sita."

Alijua. Nadhani alijua, maana tabasamu lilisimama. Nikamwambia, "Yule anayekimbia kesho."

"Ana jina."

Wale dada wananitazama, picha ya marehemu iko ukutani juu ya kalenda, amevaa sweta ya bluu. Nikaangalia chini, nikasema, "Warigia anatoka damu puani. Mara mbili sasa."

Dada mmoja akasema kitu kwa Kikuyu, polepole, na sikuhitaji kutafsiriwa. Mzee Ngigi hakunifokea. Alichukua simu, akampigia Muoki, akaweka sauti tusikie wote.

"Muoki. Warigia yuko aje?"

"Yuko poa kabisa, mzee. Amekula, amelala. Kesho ni yetu."

"Hakuna shida yoyote?"

Nilisikia Muoki akimeza mate. Mimi nilisikia. "Hakuna, mzee."

Mzee akaweka simu mezani. "Mama Lynn," akasema, "mtoto akikaribia kupata, wivu hauanzi kwa majirani. Enda nyumbani upumzike."

Lynn alikuwa ameshapigiwa simu nilipofika Kiuu. Hakula. "Umenimaliza," alisema tu, akageukia ukuta. Asubuhi viatu vyake havikuwepo.

Nilifika uwanja wa Ngong Road mbio zingine zikiendelea. Nilizunguka nikitafuta daktari wa farasi. Askari wa mlango wa mabanda akaniuliza kadi, nikasema sina, nikamweleza. "Mama, kila mtu hapa ana habari ya farasi," akasema. "Enda ukae." Nikasimama kwenye uzio karibu na kona ya mwisho. Mwas alikuwa hapo ameshika ndoo. Aliponiona akaondoa macho.

"Leo mdomo wako ume-lock?" nikamwuliza, kwa lugha yao.

"Mathe, usinianze. Nimeomba tangu asubuhi."

"Umeomba nini?"

"Cucu apumue."

Mageti yakafunguka. Mwanzoni huoni kitu, ni vumbi na rangi za fulana upande wa mbali. Kipaza sauti kilikuwa kinataja majina, na jina la Warigia likaanza kutajwa wa nne, wa tatu, halafu wa pili. Upande wa jukwaa ngemi za dada za Mzee Ngigi zilipanda. Watu wakaanza kuimba jina hilo, watu hata wasiojua lilikuwa la mama mmoja wa Thika aliyevaa sweta ya bluu.

Walipoingia kona, Warigia alikuwa mbele. Nilimwona Lynn, mgongo umelala, mdomo uko karibu na sikio la farasi. Mwas akaacha ndoo. Hapo nikaona kichwa cha mtoto wangu kikiinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango. Nyuma yake walikuwa wanakuja kwa kishindo ambacho unakisikia tumboni.

Nikamwita jina. Hakuweza kunisikia.

Alikaa wima. Akavuta hatamu, si kwa nguvu, akamtoa Warigia nje ya njia, kuelekea uzio wetu, na wengine wote wakapita. Jukwaa likalipuka kwa matusi. Joki amenunuliwa. Mshusheni. Msichana takataka. Mimi nilikuwa nimeshapita chini ya uzio, nguo ikachanika, nakimbia, kwa sababu suruali nyeupe ya mtoto wangu ilikuwa nyekundu kutoka kiuno mpaka goti.

Alikuwa ameshuka na miguu yake. Ameshika hatamu.

"Si yangu, mama," akasema. "Si yangu. Ni yake."

Warigia alisimama miguu imetanuka, damu inatoka pua zote mbili, kila pumzi inarusha. Hakuanguka. Dakika moja zaidi ya kukimbia, daktari alisema baadaye, na tungezungumza mengine.

Wazee wa mbio, wale wasimamizi, walikuja na Mzee Ngigi nyuma yao. Mmoja akamwuliza Lynn kwa nini alisimama akiwa anaongoza. Angeweza kusema damu imeanza leo. Muoki alikuwa pale, anamwomba kwa macho. Lynn akasema, "Alianza wiki jana. Nilijua. Nilificha." Hakumtaja mwingine.

Mzee Ngigi alivua koti, koti jipya, akaanza kumpangusa farasi pua nalo. Alipangusa muda mrefu. Kisha akasema bila kugeuka, "Muoki."

"Mzee."

"Nilikuuliza."

"Mzee, ungetaka niseme nini? Nilisikia dada zako kwenye simu, niseme Warigia..." Hakumaliza. Hata pale, na damu iko kwenye viatu vyetu, hakuweza kumaliza.

"Mama huyu alisema," Mzee Ngigi akajibu. Akanigeukia. "Ulikuja kwangu ukasema. Na mimi nikamwuliza mtu anayeniogopa."

Nilikuwa nimemshika Lynn mkono, juu ya kifundo, nasikia mshipa ukipiga.

Warigia yuko Theta, hakimbii tena. Lynn amefungiwa msimu wote kwa kuficha, na Muoki naye hivyo. Watu wanasema ni bahati mbaya ya ukoo. Ukoo upo, siukatai. Damu ya Lady Chania ilisafiri ikampita yule dume na magunia yake ya mapafu. Lakini ugonjwa wa ukoo unajulikana, unatibiwa, unapumzishwa. Kilichotaka kumwua mtoto wangu ni kwamba mahali pale pote, hakuna aliyeweza kuutaja ugonjwa pamoja na jina la mgonjwa. Kwa hivyo uliza. Kama kuna mnyama, au gari, au bosi, ambaye watu hawawezi kusema ana kasoro, mtoe mtoto wako hapo, hata kama anakuchukia.

Wangu bado ana hasira. Anasema ningemwachia yeye, kwamba ni sikio lake lililomwokoa na si safari yangu ya Thika, na pengine ni kweli. Jioni anakaa kwenye stuli, sahani mapajani, anatafuna ugali akiangalia video za farasi kwenye simu bila kuniongelesha. Nami naosha sufuria polepole, ili nisimalize kabla yake.