Mashua Iliyonyimwa Maji

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, na Chisenga alikwisha kumwaga ndoo ya sita. Aliloweka magunia ziwani, akayabeba yakimchuruzika mgongoni, akayatandika ndani ya mashua yake mpya iliyokaa juu ya magogo, hatua thelathini kutoka majini. Mke wake Rosaria alikuwa akijaza ndoo nyingine. Wiki saba wamefanya hivyo kila asubuhi, na wiki saba jua la Nchelenge limefika na kuyakausha magunia yote kabla watu hawajanywa uji.

Wiki saba, kwa sababu mwezi wa nane wa mwaka ule wa 1954 Chisenga alipeleka barua boma kuomba mkaguzi, na mkaguzi alikuwa bado njiani; sasa aliahidi kufika siku hiyo. Kanuni ilibandikwa mlangoni mwa ofisi: chombo kipya kisiingie majini kabla ya kukaguliwa na kupewa kibati cha namba. Mbao nayo ina kanuni yake. Mlombwa, mti wa mashua hizi, ukikaa juani hunywea, maungio yakaachana. Ukiutia majini hunywa siku tatu, ukavimba, ukajifunga wenyewe. Siku ya kwanza mashua yoyote mpya huvuja. Jioni ya pili fundi huyachota maji yote, akapangusa sakafu na kunyunyiza unga wa muhogo, na asubuhi ukiwa mkavu, basi mbao imeshiba. Hilo linajulikana pwani yote ya ziwa Mweru. Asiyelijua ni yule aliyeandika kanuni.

Chisenga hakuwa mgeni wa kazi. Miaka kumi na minane alichonga mashua katika karakana ya Mgiriki mmoja kule Kasenga, upande wa Wabelgiji, na kumi ya mwisho alikuwa ndiye kapita, msimamizi wa mafundi. Mashua zilizosifiwa ziwa zima zilipita mikononi mwake, na zote zilisifiwa kwa jina la Mgiriki. Mwaka uliopita aliacha, akarudi kwao. Alitaka mtu akiuliza nani kaichonga hii, ajibiwe Chisenga. Miti aliipasua mwenyewe kwa msumeno, na cherehani ya Rosaria iliondoka nyumbani ili misumari ya shaba iingie. Hii ndiyo ilikuwa mashua ya kwanza, na mnunuzi alikwishapatikana: Mwaka, mvuvi wa kisiwa cha Kilwa humo ziwani, ambaye angefika siku hiyo hiyo kuichukua. Ikipata kibati, kuna karakana ya Chisenga. Isipopata, kuna rundo la mbao zilizopigiliwa misumari.

Mafundi wengine hawakuhangaika hivyo. Walizizamisha mashua zao usiku kwa mawe, siku tatu nne, na kila alfajiri wakazirudisha juu ya magogo, na mkaguzi akija anakuta mbao iliyoshiba. Rosaria alimwambia mumewe afanye vivyo hivyo, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Chisenga alikataa. Goodson, karani wa boma, alimwonya mbele ya watu kwamba mashua ikikutwa majini itakatwa kwa shoka. Lakini si shoka lililomzuia. Hakutaka jina lake lianze kwa kuiba. Ulikuwa ujinga, ila ni ujinga uleule tunaofundishwa kanisani kila Jumapili.

Mkaguzi aliahidi saa moja, akafika saa tano na gari la boma. Alikuwa mzungu kijana, soksi nyeupe hadi magotini, na Goodson alimfuata nyuma na daftari. Mwaka na ndugu zake wawili walikuwa wamekwisha kufika na makasia yao, wameketi mchangani. Mzungu alipitisha kiganja kwenye ubavu wa mashua, akapiga mkuku kwa kifundo cha kidole, na uso wake ukaonyesha kwamba amependa. Moyo wa Chisenga ulipanda. Kisha mzungu akaonyesha ziwa.

Chisenga alimsogelea karani.

"Mwambie bwana hivi," alisema. "Mbao iko na kiu. Wiki saba iko inje kwa jua, juu ya kanuni yenu. Leo mayi itaingia. Kesho kidogo. Siku ya tatu, hapana. Arudie siku ya tatu, asimame mule na soksi yake, na kama inalowana, achome bwato yangu na moto."

Goodson akageuka, akasema kwa Kiingereza maneno manne. Rosaria hakujua Kiingereza, lakini kuhesabu alijua.

Mzungu alijibu kwamba yeye hukagua anachokiona leo. Wakaisukuma. Mashua ilikaa juu ya maji vizuri mno, haikuegemea huku wala huku, na Mwaka akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzungu akapanda ndani. Maji yakaja kimya kimya kwenye maungio, yakafunika viatu, yakapanda soksi. Alisimama pale akiyatazama kama mtu aliyetukanwa. Aliposhuka aliandika mstari mmoja, akasema anaweza kuombwa tena akirudi pwani hii baada ya miezi mitatu, na kabla ya hapo chombo kisionekane majini.

Goodson alibaki nyuma kidogo, akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu.

"Fundi, shi ungeiingiza tu usiku, sawa benzako?"

"Weye njo ulisema mutaikata na shoka."

"Nilisema mbele ya batu," alisema Goodson, akalikimbilia gari.

Chisenga alisimama na maji magotini. Alijisikia kama mtoto aliyechapwa kwa kutii. Mwaka hakucheka, wala hakumlaumu. Alitia mkono ndani ya mashua, akashika maungio.

"Mukalamba, miye najua mbao," alisema, akimwita mkubwa kwa heshima. "Lakini kapaso, ule askari ya boma kwa soko ya samaki, hajue mbao. Anajua kibati."

Akaomba msamaha. Msimu haumngoji mtu, na kuna watoto. Angekwenda Kabuta, kwa wakala wa Mgiriki, ambako mashua zilikuwa na namba. Ndugu zake wakaokota makasia, nao wakaondoka kwa mtumbwi wao.

Habari za kuanguka kwa mtu hazihitaji baiskeli, lakini Kasonde, yule wakala, alikuja na yake mchana huohuo. Alizunguka mashua mara mbili, akasema ni mashua ya Kasenga kabisa, kama vile hilo lingemfurahisha aliyeichonga. Akafungua mfuko, akatoa vibati vitatu, vyote na namba na mhuri wa boma. Chisenga aliuliza mashua zenye namba hizo ziko wapi.

"Haziyachongwa bado," alisema Kasonde. "Mugiriki na bale ba boma banakulaka meza moja."

Aliieleza bei bila haya. Ilikuwa bei ya mbao, bila mikono. Na Jumatatu nafasi ya kapita ingali wazi Kasenga.

Chisenga alifikiri muda mrefu, ingawa hakukuwa na kitu cha kufikiri. Ikirudi juu ya magogo miezi mitatu itapasuka. Ikibaki majini itakatwa. Hakukuwa na mahali duniani pa kuiweka mashua ile ila chini ya jina la mtu mwingine. Alimpa Kasonde nyundo. Rosaria aliingia ndani ya nyumba ili asisikie misumari ikiingia, akaisikia vilevile.

Siku ya tatu asubuhi Kasonde alirudi pamoja na Mwaka, ambaye sasa aliinunua mashua ileile kwa Mgiriki, kwa bei kubwa kuliko waliyokubaliana na Chisenga. Mwaka alikwepa macho ya fundi. Unga ambao Chisenga aliunyunyiza jioni ulikuwa bado sakafuni, mweupe, mlaini, haukushikana hata mahali pamoja. Kasonde alitaka kuumwaga ziwani.

"Acha. Ni bunga ya bibi yangu," alisema Chisenga.

Aliukusanya kwa kiganja, akauzoa taratibu mpaka kwenye pembe za mataruma, zile mbavu za mashua, akautia bakulini. Kuhusu Jumatatu hakumjibu Kasonde neno. Akapanda nyumbani. Rosaria alitazama bakuli, akachovya kidole.

"Mayi iliingia?"

"Ata tone."

Akaweka sufuria motoni, akasonga bukari, ugali wa unga uleule. Walikula wakiitazama mashua ikipungua kuelekea Kilwa. Ukutani kulikuwa na mbao zilizobaki, zinazotosha nusu ya mashua nyingine. Chisenga alizitazama mpaka tonge la mwisho.

"Ile ingine tutaizamisha usiku, Bana Chanda," alisema, akimwita Rosaria kwa jina la mtoto wao.

Mkewe hakumwambia kwamba alikwisha kumwambia. Alinawa mikono, akashuka ufuoni kuchagua mawe.